Maiki ikikatika, fundi apewe muda

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi mitambo wa sherehe hapa Temeke, mwaka wa 14 sasa. Karibu kila Jumamosi nashitakiwa kosa lile lile: maiki isiyo na waya imekatika MC akiwa katikati ya neno, kisha "krrrr" mpaka wazee wanaziba masikio.

Juzi kamati iliificha risiva yangu, kile kisanduku kinachopokea mawimbi ya maiki, sakafuni nyuma ya mapambo, eti inaharibu picha. Mwili wa mtu una maji mengi, na maji hunywa mawimbi ya redio. Ukumbi ukijaa, risiva ya sakafuni haisikii kitu. Nikaipandisha juu ya kabati, antena nikazitanua kama herufi V. Bado ikakwaruza. Kumbe MC ameifumbata maiki kitakoni, pale pale antena ilipo. Nikamwomba ashike katikati. Alininunia, lakini akasikika.

Wengine wananunua maiki za mtumba za megahezi 700 na 800, masafa ambayo siku hizi yana mitandao ya simu. Mimi kabla wageni hawajaingia huzima maiki zote na kuacha risiva peke yake. Taa ya mawimbi ikiwaka, kuna mwenyewe pale, nahama chaneli.

Kazi hiyo inataka saa moja ya ukumbi mtupu. Kamati zinanifungulia mlango bibi harusi akiwa getini, halafu zinanipa betri zilizotolewa kwenye rimoti ya televisheni!

Fundi Mitambo,
Temeke, Dar es Salaam