Shukrani kwa mama wa kwenye basi la Dodoma

Mama, jina lako silijui, ila naamini ujumbe huu utakufikia. Mimi ni yule niliyesafiri na mtoto mwenye homa kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma. Ulipotupisha kiti cha dirishani, begi lako lilimgusa kijana mmoja, akaanza kukutukana: mara mlokole, mara mnafiki. Hukumrudishia hata neno. Tulipofika Morogoro ulinunua maji na machungwa, ukampa mwanangu, kisha ukamgeukia na yule kijana: “Mwanangu, safari bado ndefu, kunywa maji.” Alipokea bila kukutazama usoni. Tuliposhuka Dodoma, ndiye aliyenibebea mizigo hadi kwenye bajaji.

Kanisani tunausikia sana Warumi 12:20, pale Paulo anaporudia maneno ya Mithali 25: adui yako akiwa na njaa mlishe, akiwa na kiu mnyweshe. Nimemkumbuka pia Elisha katika 2 Wafalme 6. Mfalme wa Israeli alitaka kuwaua askari wa Shamu waliotekwa, nabii akaagiza wapewe chakula na maji, warudi kwa bwana wao.

Wapo wanaosema huo ni unyonge. Mimi nilikuwa pembeni yako, niliona mikono yako ikitetemeka. Uliumia, mama, na bado ukampa.

Mtoto amepona kabisa. Nyumbani tunakuombea, na yule kijana tunamwombea pia. Mungu akubariki sana wewe na uzao wako.