Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Ajali ya Mlima Sainte-Odile na Maazimio Yetu

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha taarifa ya kazi za chama chetu cha wastaafu wa viwanja vya ndege na vituo vya hali ya hewa vya Mtwara na Lindi. Mambo ya fedha atayaeleza mtunza hazina. Mimi nitasema tu kwamba ada zimelipwa vizuri zaidi baada ya minada ya korosho kuliko kabla yake, kama tulivyozoea. Sehemu kubwa ya mwaka tuliitumia kwa somo mlilolichagua wenyewe, yaani ndege za abiria zinazogonga milima zikijiandaa kutua, na ajali tuliyoichambua kwa kina ni ile ya Airbus A320 ya shirika la Air Inter, karibu na Strasbourg, Ufaransa, tarehe 20 Januari 1992.

Kwa wale ambao hawakuhudhuria vikao, ndege hiyo ilitoka Lyon ikiwa na watu 96. Marubani walikuwa wamejiandaa kutua kwa utaratibu mmoja, wakalazimika kuuacha na kushika mwingine muda ukiwa umekwisha kuwabana, huku nje kukiwa na giza na mawingu juu ya milima yenye theluji. Walitakiwa kushuka kwa pembe ya nyuzi 3.3, ambayo ingewashusha futi zipatazo 800 kwa dakika. Badala yake ndege ilishuka futi zipatazo 3,300 kwa dakika. Wachunguzi hawakuweza kuthibitisha kila hatua, lakini waliona uwezekano mkubwa kwamba marubani waliweka tarakimu za pembe wakati mtambo ukiwa umetegwa kupokea kasi ya kushuka. Kitasa cha kuweka tarakimu kilikuwa kilekile kwa yote mawili, na katika kioo tofauti iliyoonekana kati ya 3.3 (nyuzi) na 33 (yaani futi 3,300 kwa dakika) ilikuwa nukta. Yapata saa 1:20 usiku ndege iligonga msitu wa mlima Sainte-Odile. Watu 87 walifariki, 9 wakaokoka.

Wajumbe kadhaa walitaka tuandike kwamba chanzo ni uzembe wa rubani na tufunge jalada. Sikukubaliana nao, na bado sikubaliani. Teknolojia ya kumpigia rubani kelele anapoikaribia ardhi ilikuwepo muda mrefu: Marekani iliilazimisha baada ya Boeing 727 ya TWA kugonga mlima huko Virginia tarehe 1 Desemba 1974, ikijiandaa kutua Washington, na watu wote 92 kupoteza maisha. Miaka 17 baadaye ndege ya Strasbourg haikuwa nayo. Sheria ya Ufaransa ilikuwa haijailazimisha kwa safari za ndani, na shirika, ambalo lilizoea kushuka kwa kasi kubwa ili kuokoa muda, liliona kifaa kingepiga kelele za bure. Uamuzi huo ulifanywa ofisini, mchana kweupe, na watu wasio na haraka ya kutua. Baada ya ajali, Airbus ilibadili kioo ili kasi ya kushuka isomeke kwa tarakimu nne, jambo linalotosha kuonyesha kwamba kasoro haikuwa ya macho ya marubani peke yake.

Jamaa wa marehemu na manusura waliunda chama chao wakafuatilia shauri kwa miaka. Kesi ilisikilizwa Colmar mwaka 2006, na washtakiwa wote sita waliachiwa.

Jambo lililotugusa zaidi ni uokoaji. Ndege ilianguka kilomita zipatazo 20 tu kutoka uwanjani, lakini waokoaji walichukua zaidi ya saa nne kuifikia, huku majeruhi wakisubiri kwenye baridi kali. Baadhi yenu mliuliza hayo yanatuhusu nini, maana viwanja vyetu viko jirani na bahari na uwanda wa Makonde uko mbali. Jibu langu ni Bukoba, ambako tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka ziwani ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa. Watu 19 kati ya 43 walifariki, na waliofika kwanza kuokoa walikuwa wavuvi.

Kwa hiyo kamati imeazimia kupendekeza kwamba wavuvi wa pwani zilizo karibu na viwanja, pamoja na madereva wa bodaboda, washirikishwe katika mazoezi ya dharura, na wajulishwe mapema nani wa kumpigia simu na mlango upi wa ndege hufunguliwa kutoka nje. Barua imekwisha andikwa; jibu tunalisubiri. Wanachama wa Lindi mnaombwa kuzungumza na viongozi wa wavuvi wa maeneo yenu na kumpatia katibu majina ya walio tayari kabla ya kikao cha Agosti.