Kwa Mama Neema, kuhusu Noeli ya mwaka huu

Kimara, Dar es Salaam

Mpendwa Mama Neema,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini hamjambo nyote. Sisi ni wazima, ila joto la Desemba unalijua. Nimekaa kimya mno, na kilichonishikisha kalamu ni kwamba mwaka huu hatuendi Moshi. Bibi yuko hapa kwa matibabu ya magoti na daktari hamruhusu safari ndefu, hivyo ukoo mzima umeamua sikukuu iliwe kwangu.

Chakula hakinisumbui, kwani shemeji ameahidi mbuzi na ndizi zitakuja na basi. Ninachohangaikia ni desturi yetu ya kusoma Injili ya Luka, sura ya pili, kabla sahani hazijagawiwa. Shemeji huyohuyo anadai haina maana, kwa kuwa tarehe 25 Desemba haimo katika Biblia. Ni kweli haimo. Wakristo wa Roma ndio tunaowakuta wakiiadhimisha katika karne ya 4. Lakini hata tarehe ya kuzaliwa ya bibi ilikisiwa tu alipobatizwa, na kila mwaka shemeji ndiye wa kwanza kuulizia keki. Tunachoadhimisha ni kwamba Mungu alifanyika mtu akalazwa horini, kwa kuwa nyumba ya wageni haikuwa na nafasi. Watoto wangu wanajua nguo mpya na soda. Nataka wajue pia kwamba habari ile iliwafikia kwanza wachungaji waliokuwa zamu ya usiku. Ndiyo maana nimeagiza sahani ya kwanza ipelekwe getini kwa mlinzi, na tayari wanabishana kama apewe paja.

Sasa ombi langu: niazime zile sanamu zako za mpingo ulizonunua Mwenge, nitengeneze pango la Noeli. Niliwasimulia watoto kwamba Mtakatifu Fransisko aliandaa hori kule Greccio, Italia, mwaka 1223 akaweka ng'ombe na punda hai, nao wakataka mbuzi wa shemeji asimame pangoni hadi siku ya kuchinjwa. Nimekataa, ingawa bibi yuko upande wao.

Je, ile sanamu ya mchungaji iliyovunjika mkono uliwahi kuigundisha? Nimtume kijana azifuate Jumamosi, au utazileta mwenyewe? Misa ya mkesha kwenu inaanza saa ngapi? Na Baba Neema atakubali kutusomea Luka, maana shemeji humwogopa yeye peke yake?

Wako katika Kristo,
Mama Joseph