Kwa Nini Tunauliza Mwaka wa Royal Oak Yako Kabla ya Kuipokea

Wateja wanaotuletea saa ya Royal Oak, ya kampuni ya Audemars Piguet, ili ing'arishwe hushangaa tunapoanza kwa kuuliza ilitengenezwa mwaka gani, kwa kuwa kwa macho saa hizo zote zinafanana: pete ya pembe nane kuzunguka kioo, skrubu nane, na mkanda wa chuma ulioungana na kasha kana kwamba ni kitu kimoja. Zinafanana kweli, lakini zimejengwa kwa namna tofauti, na kazi inayoifaa moja yaweza kuiharibu nyingine.

Ya kwanza ilitoka mwaka 1972, miaka mitatu baada ya Seiko ya Japani kuuza saa yake ya kwanza ya mkono ya kwazi, yaani inayoendeshwa na betri, na kwa sababu ya saa za aina hiyo mafundi wa Uswisi walikuwa wakielekea kwenye miaka migumu sana. Audemars Piguet, kampuni ya kijiji cha Le Brassus huko Uswisi, ilimpa mbunifu Gérald Genta kazi ya kuchora saa ya michezo ya chuma cha pua, kisha ikaiuza kwa bei ambayo watu walizoea kuilipia dhahabu. Kipenyo chake cha milimita 39 kilionekana kikubwa mno wakati ule, ndiyo maana wapenzi wa saa wanaiita Jumbo hadi leo. Mnunuzi alikuwa analipia mkono wa fundi: nyuso zilizopigwa brashi hadi zikawa na mistari myembamba inayoelekea upande mmoja, zikikatwa na kingo za mshazari zinazong'aa kama kioo. Fundi anayeisukuma saa hiyo kwenye gurudumu la polishi bila kuziba kingo hizo huzifuta kwa dakika chache, na chuma kilichokwisha kuliwa hakirudi kwa urahisi.

Skrubu nazo zinahitaji maelezo, kwa sababu tumepokea saa nyingi zilizochubuliwa mahali hapo. Vichwa vyake vya dhahabu nyeupe vina pembe sita na vimekaa ndani ya mashimo ya pembe sita, kwa hiyo havizunguki kabisa. Kinachofunguliwa kipo upande wa nyuma. Tena kasha la 1972 halina mfuniko wa nyuma: mtambo unaingizwa kutoka mbele, na pete ya juu ndiyo inayokandamiza mpira wa kuzuia maji. Anayetafuta mahali pa kupenyeza kisu nyuma ya saa hiyo ataikwaruza bure.

Mwaka 1976 Jacqueline Dimier alichora Royal Oak ya wanawake yenye milimita 29, na akaweza kuhifadhi uwiano wa umbo katika nafasi ndogo, jambo ambalo kwa maoni yetu halisifiwi inavyostahili. Badiliko kubwa lilikuja 1993 kwa Offshore, toleo la Royal Oak lililochorwa na Emmanuel Gueit: milimita 42, kasha nene, na mpira uliokuwa umejificha chini ya pete ukaachwa uonekane kama sehemu ya mapambo. Hapo tatizo la mteja hubadilika pia. Mpira hukauka na kupasuka, hasa kwa jasho na maji ya chumvi, wala haung'arishwi. Hubadilishwa kwa kipuri halisi, kisha saa hupimwa shinikizo la maji kabla ya kurudishwa.

Jumbo ya 2022 kwa nje imebaki karibu sana na mchoro wa Genta, lakini mtambo wake, 7121, ni mpya na hutunza nguvu kwa saa 55, wakati ule wa zamani, 2121, ulitunza kwa takriban 40. Vipuri vya mitambo hiyo miwili haviingiliani.

Kwa hiyo ukija, leta cheti cha saa au risiti za matengenezo ya nyuma ikiwa unazo. Tutapiga picha za kingo zote ukiwepo, na tukiona zimeshakuwa nyembamba tutakushauri saa isafishwe na kutiwa mafuta tu, mikwaruzo ikiachwa ilivyo.