Barua ya Kufunga Muhula: Kalamu, Ratili ya Nyama na Bati la Stoo

Kwa: Wazazi na Walezi wote

YAH: KUFUNGA SHULE MUHULA WA KWANZA

Ndugu Mzazi/Mlezi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Shule inafungwa Ijumaa saa nne asubuhi. Ripoti ya mwanao imo ndani ya bahasha hii. Isome kwanza ndipo umuulize. Kidato cha Nne wanabaki kambini wiki mbili. Pampu ya kisima imetengenezwa. Hayo yatoshe, maana nina jambo la kuwasimulia na mengine ya kuwagombeza.

La kuwasimulia ni Siku ya Lugha. Waliofika walijionea. Ambao hamkufika mnajijua, na viti vyenu vilituonesha. Mwaka huu idara ya Kiswahili na idara ya Kiingereza ziliacha kununiana, zikawapa wanafunzi kazi moja: tafuteni misemo ya kila siku iliyozaliwa jukwaani, kwenye tamthiliya za Kiingereza za zamani, kisha mtuoneshe kwa Kiswahili pale ilipozaliwa. Nani aliisema, alimwambia nani, na siku hiyo alikuwa na shida gani.

Aibu ya kwanza ilinipata mimi. Mnaujua ukuta wa bwalo na yale maandishi ya bluu: KALAMU INA NGUVU KULIKO UPANGA. Kila Januari huwaambia Kidato cha Kwanza kwamba hayo ni maneno ya wahenga wetu. Binti mmoja wa Kidato cha Tatu alikuja ofisini na daftari lake, akasimama mlangoni. "Shikamoo Mkuu. Samahani, wahenga wenyewe ni Mwingereza mmoja." Kweli tupu. Mstari huo ni wa Edward Bulwer-Lytton, umo katika tamthiliya yake iitwayo Richelieu, iliyooneshwa London mwaka 1839. Anayeutamka ni Kardinali Richelieu, mzee aliyezungukwa na maadui. Ameshika upanga aliowahi kuutumia vitani, anajaribu kuuinua, unamshinda. Kijana wake anamkumbusha kwamba sasa anazo silaha nyingine, ndipo anapoikumbuka kalamu. Tena anaweka sharti ambalo sisi sote tumelitupa njiani: kalamu huushinda upanga chini ya utawala wa watu walio wakuu kwelikweli. Penye watawala wa aina nyingine mzee yule hakuahidi kitu. Kijana wetu aliyecheza nafasi hiyo alitumia panga la kufyekea la mtunza bustani, akalitetemesha vizuri mno hata wazazi wa mstari wa mbele wakasogeza viti nyuma. Maandishi ya ukutani yatabaki. Wahenga ndio sitawataja tena.

Kidato cha Pili walifungua mahakama ya Venisi. Wenzangu wa rika langu mnaikumbuka Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthiliya ya Shakespeare, iliyotoka mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Hilo jina alilolichagua linatosha kukwambia aliwatazamaje wafanyabiashara wale. Mle ndani Shylock, mkopeshaji, amekopesha dukati 3,000, sarafu za enzi hizo, na dhamana yake ni ratili moja ya nyama, ikatwe mwilini mwa Antonio. Mpaka leo Mwingereza akisema fulani anadai ratili yake ya nyama, ana maana kwamba mtu huyo anadai haki yake, na ni haki kweli, lakini yuko tayari kuichukua hata ikimuua mwenzake. Shylock wetu alikinoa kisu kwenye soli ya kiatu. Mizani tuliazima buchani, ikaja na harufu yake. Portia, binti anayejifanya mwanasheria ili amwokoe Antonio, alivaa joho langu la mahafali, likamburuta. Alipofika pale pa kumwambia mdai akate nyama yake ila pasidondoke hata tone la damu, babu mmoja aliyeketi nyuma, aliyekisoma kitabu hicho enzi zake, akamtangulia kuyatamka. Ukumbi ukaangua kicheko. Binti hakubabaika. Alimngoja babu amalize, akamwinamia kidogo, akaendelea na hukumu.

Tamthiliya hiyohiyo ndiyo yenye lile sanduku la dhahabu ambalo mwana wa mfalme wa Moroko analifungua na kukuta fuvu, na karatasi inayosema si vyote ving'aavyo ni dhahabu. Hapo mwalimu wa Kiingereza alisimama kuwatahadharisha watu kwamba msemo huo ulikuwepo kabla ya Shakespeare, yeye aliupandisha jukwaani tu. Nampongeza kwa hilo.

Lakini kilichonikaa moyoni ni Kidato cha Tatu na Macbeth, nayo ya Shakespeare. Macduff yuko ugenini Uingereza. Anafika ndugu kutoka kwao Scotland na habari kwamba ngome yake imevamiwa, mke ameuawa, watoto wameuawa. Anauliza, wote? Anajibiwa. Anauliza tena, kama mtu asiyesikia: vifaranga vyangu vyote na mama yao, mwewe kateremka mara moja tu? Waingereza wanautumia usemi huo hata leo, kwa jambo lolote linalomalizwa kwa mkupuo mmoja, hata kulipa bili. Mwewe mwenyewe wamekwisha kumsahau. Sisi hatujamsahau. Kijana wetu amelelewa na bibi anayefuga kuku wa kienyeji, na alipofika kwenye maneno hayo hakumtazama mjumbe. Alitazama juu, darini, kama mtu aliyeona kivuli kikipita uani. Pale mlangoni mpishi wetu alijishika kifua na kanga yake. Nimefundisha miaka 26, na ukumbi ule sijawahi kuusikia ukinyamaza namna ile.

Sasa nigeuke. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Macbeth inaanza na ngurumo na radi. Mazoezini walikuwa wakipiga sinia la bwaloni, wakaona halitoshi. Usiku wa kuamkia maonesho, vijana watatu wa Kidato cha Tatu walipanda juu ya stoo ya chakula, wakang'oa bati moja zima, wakalitundika kwa kamba nyuma ya pazia. Ngurumo ilikuwa nzuri ajabu. Nilipiga makofi mimi mwenyewe. Ndiyo maana nimekasirika mara mbili. Usiku baada ya maonesho, saa nane, mvua ikanyesha, yenye ngurumo isiyohitaji bati. Asubuhi tulikuta magunia mawili ya sembe yamekuwa uji mbichi, na gunia la maharage ambalo baada ya siku chache lilianza kuchipua. Mkitaka kujua kwa nini wiki ya mwisho watoto walikula makande mfululizo, jibu ndilo hilo.

Niliwataka waandike maelezo. Wakaniletea kurasa moja na nusu kuhusu John Dennis na mistari miwili kuhusu bati. Dennis huyo alikuwa mwandishi wa tamthiliya London. Mwaka 1709 alibuni njia mpya ya kutoa sauti ya ngurumo kwa ajili ya tamthiliya yake ya Appius na Virginia, katika ukumbi wa Drury Lane. Watu hawakuipenda, ikaondolewa upesi. Inasimuliwa kwamba baadaye alikwenda ukumbini hapo kutazama Macbeth, akaisikia ngurumo yake mwenyewe, akasimama kulalamika kwamba tamthiliya yake wameikataa na ngurumo yake wameiiba. Tangu hapo kumwibia mtu ngurumo ni kumpokonya sifa aliyostahili. Maelezo yalikuwa mazuri, nimeyapa alama. Ila Dennis aliibiwa ngurumo, hakuiba bati.

Bodi imeamua: vijana hao wamelima bustani ya shule wiki mbili, nao wazazi wao watalipa unga, maharage na bati. Mzazi mmoja alinipigia simu kuniambia ni utundu wa watoto tu, na kwamba mbona nasi tulipiga makofi. Ndugu yangu, nilipiga makofi kwa sababu sikujua. Mwanao alijua. Alipanda kule juu usiku, akiwa na nyundo ya karakana ambayo nayo hakuiomba, juu ya chakula cha wenzake. Angekuja ofisini mchana kuomba bati, ningempa. Yapo matatu nyuma ya choo cha walimu, nayo yananguruma vilevile.

Ada. Dawa ya deni ni kulipa, na maneno hayo sina shaka ni ya wahenga wetu. Hata hivyo Kidato cha Nne walitutafutia mengine. Katika tamthiliya ya Shakespeare iitwayo Henry wa Nne, sehemu ya pili, yumo Falstaff, bwana mwenye tumbo kubwa, aliyekula na kunywa kwa Bi Quickly bila kulipa. Bi Quickly anakwenda kumshitaki, anapaza sauti kwamba amemla hadi nyumba na makao, na mali yake yote ameitia ndani ya lile tumbo. Waingereza bado wanasema hivyo juu ya mgeni mlafi. Wengi mlicheka sana hapo, na orodha ya mhasibu ninayo mkononi: baadhi ya waliocheka zaidi wanadaiwa tangu mwaka jana. Mnakumbuka onyesho lilivyoisha? Falstaff alimvuta mama wa watu pembeni, akamnong'oneza maneno matamu, naye mama akaifuta kesi, kisha akaenda kuweka rehani vyombo vyake vya fedha ili amkopeshe tena! Mhasibu wetu naye amevutwa pembeni mara nyingi, chini ya ule mwembe. Kuanzia sasa anazo amri zangu. Mwenye shida ya kweli aje kwangu, mchana, tupange awamu na tuandikishane. Sijawahi kumfukuza aliyekuja hivyo. Asiyekuja na asiyelipa, mwanawe hatapokelewa getini.

Wapo pia wanaosema, "Nilishalipa, angalieni vizuri vitabu vyenu," hali risiti ya benki hawana. Mwaka 1938 Patrick Hamilton aliandika tamthiliya iitwayo Gas Light. Mume anapanda juu kisirisiri na kuwasha taa za gesi, taa za chumbani kwa mkewe zinafifia, naye anamshikilia mke kwamba akili zake ndizo zinazomcheza. Jina la tamthiliya limekuwa jina la tabia hiyo, na vijana wenu wanalitumia kila siku kwenye simu zao. Mhasibu wetu akili zake hazimchezi. Leteni risiti.

Utoro: harusi ya shangazi si ugonjwa. Mtoto aliyeombewa ruhusa ya malaria asirudi na hina mikononi.

Simu zilizokamatwa zichukuliwe na mzazi mwenyewe, si kaka wala bodaboda.

Shule itafunguliwa Jumatatu, tarehe 6 Julai. Wa bweni wafike Jumapili kabla ya saa kumi na mbili jioni, na ndoo, fagio la chelewa na madaftari. Wazazi wa wale watatu waongeze bati moja, geji 28, futi kumi, jipya, na misumari yake.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mkuu wa Shule