Barua kwa mwanangu: Mjomba ana nini?

Mwanangu Zuhura,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Unataka nikueleze mjomba ana nini hasa, kwa kuwa darasani mmefika kwenye skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwapo, na mwalimu anataka mwandike inasababishwa na nini. Ila kwanza niache nicheke. Mwezi jana ulinipigia ukasema una ugonjwa wa wasiwasi, juzi ukawa na sonona. Hata sisi chuo cha uuguzi tuliugua kitabu kizima, ukurasa kwa ukurasa.

Mjomba alianza akiwa kidato cha nne. Akaacha kuoga, usiku anajibizana na watu tusiowaona, akasema redio ya jirani inamtaja jina. Bibi yako akasema karogwa. Babu akasema bangi. Shangazi akasema masomo yamemzidi kichwa. Shehe alimsomea, akasema ana majini. Kila maelezo yalikuwa na nauli yake, mwanangu. Mganga wa kwanza alikula mbuzi wetu wawili. Wa pili alimfunga kamba kwenye mwembe siku nne, pepo lichoke. Yale makovu ya mikononi ambayo ulipokuwa mdogo uliambiwa ni ya moto, si ya moto.

Bibi hakukubali hospitali mpaka nilipomkumbusha degedege. Zamani mtoto akikakamaa waliambiwa kuna ndege kampitia. Siku hizi wanamkimbiza kupimwa malaria. Akanyamaza kidogo, akasema, "Haya, mpelekeni."

Akaanza dawa, baadaye sindano ya kila mwezi. Sauti hazikuisha. "Siku hizi zinanong'ona," alisema.

Basi utaandika ni ugonjwa wa ubongo, umalize? Walioamini hivyo wana ushahidi wao. Zamani kulikuwa na wagonjwa waliojaa hospitali za vichaa za Ulaya, chanzo cha wazimu wao kikabishaniwa miaka mingi, hadi mwaka 1913 watafiti Noguchi na Moore walipoonyesha vijidudu vya kaswende ndani ya bongo zao. Lakini chukua pacha wanaofanana kabisa, urithi uleule. Mmoja akipata skizofrenia, mwenzake huipata katika karibu nusu ya jozi, au pungufu. Urithi una sehemu yake, na sehemu nyingine iko kwingine.

Hiyo nyingine niliiona sebuleni kwetu. Mjomba alikuwa akitulia miezi, kisha babu anaanza: mvivu, mzigo, umeniaibisha. Haipiti muda, anarudi wodini, na sindano hakukosa hata moja. Baadaye nikasoma kwamba watafiti wa London waliliona jambo hilohilo katika miaka ya 1960 na 1970: mgonjwa anayerudi kwenye nyumba ya lawama hurudiwa upesi kuliko anayerudi kwenye utulivu. Nilikaa na kile kitabu mapajani nikimfikiria baba yangu. Sikumwambia. Maana hata maneno hayo yanaweza kugeuzwa kuwa fimbo, familia ikaonekana ndiyo iliyomtia mtu wazimu, na si hivyo. Mwaka 1977 daktari wa Marekani, George Engel, aliandika kwamba ugonjwa utazamwe mwilini, nafsini na katika jamii kwa pamoja. Wengine humwona kama anayesema kila kitu bila kusema kitu. Mimi namwelewa.

Na jina la kitaalamu lisikutishe. Mwaka 1851 daktari Samuel Cartwright wa kusini mwa Marekani alitunga ugonjwa wa watumwa, dalili yake kuu kutoroka! Na hapo Nairobi, Carothers, aliyekuwa daktari wa Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili, alimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Shirika la Afya Duniani likamchapishia kazi hiyo mwaka 1953. Yule mganga wa mwembe walau hakuwa na mhuri.

Jana nilimwambia mjomba kwamba unamwandika. Akauliza kama utapata alama nzuri. Kesho ni siku yake ya kliniki. Atakwenda na hirizi ya bibi kiunoni, kama kawaida. Muuguzi huisogeza pembeni, anachoma. Niliwahi kumuuliza mjomba kwa nini haivui. Akasema sindano ni ya kichwa chake, hirizi ni ya mama.

Mama yako