Vijana wajifunze kuunganisha picha kwa vitu vya nyumbani kwao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua niongee na vijana wanaojifunza kuediti picha, hasa hawa wa huku kwetu Dodoma, na wazazi na walimu wao wasikie pia, maana kazi hii sasa hivi ina wateja na wanaoitaka ni wengi ila wanaanzia pabaya. Mimi nina stashonari hapa Majengo, natengeneza kadi za harusi, mabango ya kwaya, kalenda, lebo za bidhaa, na jioni kunakuwa na vijana wanakuja kujifunza. Karibu kila mmoja anakuja simu imejaa picha za kushusha mtandaoni, simba wa mtu, gari la mtu, mawingu ya mtu, ghorofa za Dubai, anataka vyote viingie kwenye picha moja na yeye asimame katikati. Mimi namwambia weka hayo pembeni kwanza, niletee kikombe.

Kikombe cha kawaida tu cha bati, cha chai. Au ndala, pasi ya mkaa, kibuyu, gunzi la mahindi, kufuli, chochote kilichopo nyumbani. Chukua vitu viwili au vitatu vya namna hiyo, vipige picha wewe mwenyewe, halafu uvifanye viwe picha moja yenye jambo ambalo halijawahi kuwepo. Ndala iwe mtumbwi kwenye bwawa la Hombolo. Mbuyu uote ndani ya kikombe. Kichala cha zabibu kining'inize balbu badala ya zabibu.

Sababu yangu ni hii. Picha uliyoshusha hujui ilipigwa saa ngapi, jua lilikuwa upande gani, kamera ilikuwa juu au chini, mpigaji alisogea karibu au alivuta kwa lenzi, na hata ukigundua kwamba haikubaliani na ile nyingine huna la kufanya, huwezi kurudi kuipiga tena. Kikombe kipo mezani. Ukiona hakikubali unakigeuza unapiga tena, dakika haijaisha. Kijana anayefanya hivyo anajifunza kuona, na kuona ndiyo kazi yenyewe, mambo ya kubonyeza wapi yanakuja haraka tu.

Nieleze huo mbuyu kwenye kikombe maana ndio ninaoanza nao. Mtu anapiga kikombe kikiwa mezani na yeye amesimama, kwa hiyo mdomo wa kikombe unatokea duara pana na chai yote ndani unaiona. Halafu anatoka nje anapiga mbuyu, mbuyu uko juu yake, ameinua simu kuutazama. Akiviweka pamoja vinakataana, hata mtu asiyejua chochote kuhusu picha atasema hii ina kitu, hawezi kusema ni nini lakini jicho limeshakataa. Kinachogomba pale ni kimo cha kamera. Kikombe kimetazamwa kutoka juu na mbuyu umetazamwa kutoka chini, na hakuna mtu anayeweza kusimama sehemu mbili kwa wakati mmoja. Dawa yake ni kushusha simu mpaka karibu na usawa wa meza, ule mdomo wa kikombe ubaki mwembamba uliojikunja kidogo tu, hapo mbuyu unakaa. Na usikisogelee sana kikombe, simu ikiwa karibu mno sehemu ya mbele ya kitu inavimba na ya nyuma inasinyaa, rudi nyuma hatua mbili upige, utakata baadaye.

Halafu mwanga, na kwenye mwanga watu wa Dodoma tumependelewa kwa kweli. Kiangazi chetu kinaanza mwezi wa 5 kinaenda mpaka Novemba, mvua karibu hamna, anga safi siku nenda siku rudi, yaani picha ya leo saa mbili asubuhi na ya wiki ijayo saa mbili asubuhi mwanga wake unakaribiana sana, mtu anayeishi sehemu ya mawingu hiyo bahati hana. Kwa hiyo vitu vyote vya picha moja vipigwe saa ile ile na jua likiwa upande ule ule wa kamera. Saa sita mchana usipige, jua linakuwa karibu na utosi, Oktoba ndiyo kabisa, kivuli kinajificha chini ya kitu na umbo la kitu halionekani. Saa moja na nusu asubuhi au saa kumi na moja jioni kivuli kinalala kirefu na kila kona ya kitu inajitokeza. Nawaambia wachomeke njiti kwenye udongo pembeni ya kitu na wapige picha moja pamoja na hiyo njiti, haiingii kwenye kazi ile, ni ya kukumbuka kivuli kilielekea wapi na kilikuwa na urefu gani ili siku ukipiga cha pili ulinganishe.

Kivuli chenyewe ndipo wengi wanapoharibu, wanachora doa jeusi chini ya kitu basi. Kitazame kivuli cha kweli uone. Pale kitu kinapogusa ardhi kivuli ni cheusi zaidi na ukingo wake umekatika vizuri, kadiri kinavyokwenda mbali kinalainika na kinapauka. Na sio cheusi kabisa, nje kivuli kinapata mwanga wa anga kwa hiyo kina ubuluu kidogo. Na ukiweka kikombe cheupe juu ya udongo wetu mwekundu, upande wa chini wa kikombe unapata wekundu wa udongo unaorudisha mwanga juu. Mtu aliyekata kikombe chake kutoka kwenye meza ya kitambaa cheupe akakiweka juu ya udongo hana huo wekundu, na ndio unaomsaliti. Ndiyo maana nasema kama kitu kitakaa ardhini basi kakipige ardhini, kije na kivuli chake na rangi zake.

Vitu vinavyong'aa viachwe mpaka baadaye. Sufuria mpya ina wewe ndani yake umeshika simu, ina dirisha, ina ukuta. Kijiko hivyo hivyo. Balbu za kwenye kichala cha zabibu zinatakiwa zipigwe nje, nyuma yake kukiwa na majani, maana kioo kinabeba kilichopo karibu nacho, ukiipiga balbu kwenye ukuta wa bluu utakuwa umepeleka ukuta wa bluu shambani. Anza na vitu vikavu visivyong'aa, kibuyu, chungu, kinu, gunzi, ndala iliyochakaa.

Wote tunaijua ile suti ya kompyuta, mtu anakwenda kupiga picha ya kitambulisho amevaa fulana, fundi anamvalisha koti na tai kwenye kompyuta. Watu wengi wanaitegemea na hakuna ubaya wowote, ila angalia uso umepigwa na mwanga wa kulia na koti limepigwa na mwanga wa kushoto, shingo imekatwa kwa mkasi. Fundi aliyewahi kuhangaika na kikombe na mbuyu hawezi kumpa mteja picha hiyo, atapiga makoti yake mawili matatu mwenyewe pale pale studio, mwanga wa kulia na mwanga wa kushoto, atakuwa nayo akiba.

Upande wa programu sitaki kukaa sana. GIMP ni ya bure na ukishaiweka kwenye kompyuta haikuli bando, Photopea inafunguka ndani ya brauza bila kuweka chochote, kwenye simu Snapseed inatosha kuanzia. Photoshop ilitoka 1990 na leya zake zikaja 1994, na hizo leya ndizo za kuelewa kabla ya kingine chochote. Waliowahi kupelekwa Kolo kule Kondoa, kwenye michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, wameona michoro myeupe imewekwa juu ya myekundu ya zamani zaidi. Leya ni hivyo, picha juu ya picha, tofauti ni kwamba kwenye kompyuta ya juu unaiinua, unaisogeza, unaipunguza nguvu, na ya chini haijaguswa. Basi na wewe usiiguse, usitumie kifutio. Tumia maski, yaani kifuniko cha leya, ukipaka nyeusi sehemu inajificha, ukipaka nyeupe inarudi, hata ukikumbuka kesho kwamba mpini wa kikombe umeukata kimakosa unaurudisha. Na kazi uihifadhi na leya zake, usibaki na JPEG peke yake, ile picha ya kawaida ambayo leya zake zimeshikana kuwa moja.

Najua kuna watakaoniuliza ya nini yote haya wakati kuna akili mnemba, unaandika maneno inakutolea ndala inaelea ziwani. Naziona na nyingine ni nzuri. Lakini mama anayesindika zabibu zake Hombolo anataka chupa yake, na lebo yake, na mfuniko wake ule ule anaouuza, hataki chupa inayofanana. Hapo inabidi uende ukapige, uje uunganishe, na mtu asiyejua mwanga unatoka wapi hata hiyo ya akili mnemba hawezi kujua kwamba imekosea.

Linalonigusa zaidi ni pale mzazi anapomtoa kijana wake akisema tunafundisha kughushi. Naelewa wasiwasi wake, picha za uongo zinasambaa kila siku na kuna watu zimewaumiza. Ila kuunganisha picha hakukuja na kompyuta. Mwaka 1857 Oscar Rejlander aliunganisha negativu zaidi ya 30, yaani vile vioo au filamu za kuchapia picha, akapata picha moja kubwa ikawekwa kwenye maonyesho Manchester kule Uingereza, na mwaka uliofuata Henry Peach Robinson akatoa ya negativu tano. Jerry Uelsmann wa Marekani alifanya kazi za ajabu kwenye chumba cha giza cha kusafishia picha, kwa dawa na mashine za kuchapia, miaka mingi kabla ya Photoshop. Kosa linakuja pale picha iliyounganishwa inapopelekwa kwa watu ikiitwa habari. Februari 1982 jarida la National Geographic lilisogeza piramidi za Giza zikaribiane ili zienee kwenye jalada, likalaumiwa sana, na ni kweli lilistahili kulaumiwa, kwa sababu msomaji alikuwa anaamini anaona Misri ilivyo.

Kwa hiyo kijana wangu nampa masharti toka siku ya kwanza. Sura ya mtu aliye hai haiwekwi mahali ambapo hakuwepo bila yeye kukubali, picha ya mtu mwingine haitumiki bila ruhusa, tuna Sheria ya Hakimiliki ya 1999 na ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na zinafanya kazi, na kazi ikitoka iandikwe kwamba imeunganishwa. Na nimeona hao hao ndio wa kwanza kushtuka ikija picha ya kughushi kwenye magrupu, wanaikuza wanatafuta kivuli, wanaangalia mguu umegusa ardhi au unaelea, wanaangalia sehemu moja ina chenga na nyingine ni laini. Sio zote watazikamata, zipo zilizofanywa na mafundi wakubwa, lakini wanauliza maswali ambayo wazazi wao hawaulizi kabla ya kubonyeza kutuma.

Walimu wa sekondari nao nawaomba, sasa tuna mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, kwenye sera ya elimu toleo la 2023, somo la namna hii halihitaji maabara, darasa moja likiwa na simu mbili na kompyuta moja wanafunzi wanaweza kupiga vitu vya madawati yao wenyewe na kuviunganisha. Anayependa fizikia atapata mwanga na vioo pale pale.

Na kwenu Mhariri ombi langu ni nafasi ndogo gazetini, hata mara moja kwa mwezi, ya picha za vijana zilizounganishwa kwa vitu vya nyumbani. Vipande vyote awe amepiga mwenyewe, vipande vichapwe vidogo pembeni ya kazi iliyokamilika ili msomaji aone kilichofanyika, na chini iandikwe wazi kwamba ni picha ya kuunganishwa. Mkikubali tangazeni na saizi mapema, kwa picha ya upana wa sentimita 10 kwa dpi 300, yaani nukta 300 kila inchi, wanahitaji pikseli kama 1,200 upande huo, na muwaambie watume kwa barua pepe au kama dokyumenti, wasitume kama picha ya kawaida ya WhatsApp maana inabanwa njiani na mtapokea chenga.

Msomaji wenu,
Fundi picha, Majengo, Dodoma